SOMO LA KIKUNDI: CHAMBO CHA MPIRA, SAMAKI AWINDAYE NA HESABU YA CHAMA

Shabaha ya somo

Katika wilaya za Ngorongoro na Karatu wanachama walio wengi ni wafugaji na wakulima. Uvuvi ni kazi ya wachache: wale wanaovua katika Ziwa Eyasi maji yanapokuwa mengi, na wale wenye mabwawa na malambo yaliyopandwa samaki. Hata hivyo, kila zana mpya inapofika dukani, chama huombwa kuinunua kwa fedha za wanachama wote. Miongoni mwa zana hizo ni chambo cha mpira, yaani chambo bandia kilicho laini, chenye umbo la mnyoo, samaki mdogo, kamba au chura.

Chambo hiki kimesifiwa sana, na sifa zake nyingi ni za kweli. Lakini sifa hizo zilitokana na samaki fulani katika maji ya namna fulani. Shabaha ya somo hili ni kumwezesha katibu na mwanachama kujua chambo hicho kimefanywaje, huchaguliwaje na huvuliwaje, na kupima kama kinafaa katika maji yao kabla fedha ya chama haijatoka.

1. Samaki hupataje chakula chake?

Samaki hawali kwa njia moja. Wako wanaowinda kwa macho, ambao hujificha, huona windo likipita na kulirukia. Wako wanaotafuta kwa harufu na ladha, wakipapasa chini ya maji, mara nyingi usiku. Wako tena wanaokula mimea midogo ya majini na tope lenye uhai, ambao hawana haja ya kumfukuza yeyote.

Chambo cha mpira ni udanganyifu wa macho na wa mtikisiko. Hakina damu, na harufu yake ni kidogo, ingawa viwanda vingine hukitia chumvi na mafuta yenye harufu. Kwa hiyo humfaa kwanza samaki wa kundi la kwanza. Kanuni hii ndiyo mzizi wa somo zima, na anayeishika hatapotea katika mambo mengine.

2. Besi, samaki ambaye chambo hiki kilitengenezwa kwa ajili yake

Samaki aitwaye besi mwenye kinywa kikubwa asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Hayumo katika Ziwa Eyasi wala Natron. Ziwa la Afrika Mashariki linalojulikana zaidi kwa samaki huyo ni Naivasha, nchini Kenya, ziwa la maji baridi katika Bonde la Ufa. Besi aliletwa huko kutoka Marekani katika miaka ya 1920, na mwaka 1929 ndio utajwao mara nyingi. Aliletwa kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Baadaye, mwaka 1959, uvuvi wa nyavu kwa biashara ulianzishwa katika ziwa hilo, naye besi akawa mmoja wa samaki waliouzwa sokoni.

Besi huwinda kwa kuvizia. Hukaa kwenye kivuli cha mafunjo, chini ya magugu yaeleayo au kando ya gogo lililozama, akitazama nje penye mwanga. Windo likikaribia hufungua kinywa ghafula na kulivuta ndani pamoja na maji. Kama alichokivuta ni kigumu, kama mti au bati, hukitema mara moja. Kama ni laini, hukishikilia kidogo zaidi, na hapo ndipo mvuvi anapopata nafasi. Hiyo ndiyo faida kubwa ya chambo laini.

Windo lake hubadilika kwa mahali. Mwaka 1970 kamba mwekundu wa maji baridi kutoka Marekani aliingizwa Naivasha, akaongezeka mno, na besi wakubwa wakamfanya chakula chao kikuu. Tangu hapo chambo chenye umbo la kamba, cha rangi ya udongo au nyekundu iliyofifia, kikawa na maana katika ziwa hilo. Yaani mvuvi hachagui chambo kwa uzuri wake machoni pa mtu. Huchagua kile kinachofanana na kilichomo tumboni mwa samaki. Mvuvi mwangalifu hulipasua tumbo la samaki wa kwanza na kutazama kabla ya kuchagua chambo cha siku.

3. Chambo cha mpira ni kitu gani?

Kuvua kwa udanganyifu si jambo geni. Wavuvi wa pwani ya bahari ya Hindi wamevua tangu zamani kwa kukokota manyoya ya kuku au kitambaa cheupe nyuma ya chombo. Kilicho kipya ni ulaini. Mwaka 1949 Nick Creme na mkewe Cosma, huko Akron, Ohio, nchini Marekani, walitengeneza mnyoo wa plastiki laini na kuuza. Chambo chao kikaenea haraka miongoni mwa wavuvi wa besi.

Ingawa watu husema "mpira", kwa kawaida kitu hiki si utomvu wa mti, bali ni plastiki iliyochanganywa na mafuta maalumu ya kuilainisha. Mafuta hayo yana tabia ambazo mtunza ghala hana budi kuzijua. Huweza kuyeyusha baadhi ya makopo ya plastiki ngumu. Hufanya rangi ya chambo kimoja kuingia katika kingine. Na katika joto kali chambo hujikunja na kupoteza umbo. Kwa hiyo vyambo hivi huwekwa katika mifuko yake ya asili, kila rangi peke yake, mahali penye kivuli mbali na bati la paa.

4. Namna ya kuchagua

Mambo manne hutazamwa: umbo, ukubwa, rangi na uzito.

(a) Umbo. Mnyoo wenye mkia ulionyooka husogea polepole na hufaa samaki wasipokuwa na hamu, kwa mfano maji yanapokuwa baridi. Mnyoo wenye mkia uliopinda kama mundu hutikisa maji hata ukivutwa taratibu, nao hufaa maji yakiwa na ukungu kidogo. Samaki wa mpira mwenye mkia kama kasia hufaa penye vifaranga wengi wa samaki. Kamba wa mpira hufaa chini, penye mawe na mizizi. Chura wa mpira huvutwa juu ya magugu yaeleayo, mahali ambapo chambo kingine kingenasa.

(b) Ukubwa. Kwa besi, mnyoo wa sentimeta 12 hadi 18 hutosha. Samaki wakisumbuliwa sana na wavuvi, au wakiwa wadogo, sentimeta 8 hadi 10 hufaa zaidi.

(c) Rangi. Maji yakiwa maangavu, rangi tulivu za asili hufaa: kijani cha majani, kahawia, kijivu. Maji yakiwa machafu au jua linapozama, rangi nyeusi au buluu iliyokolea huonyesha umbo vizuri zaidi dhidi ya mwanga wa juu. Wengine hupendelea njano kali. Duka huwa na rangi nyingi kwa sababu rangi huwavuta wanunuzi. Rangi tatu zatosha kwa kuanzia: kijani, kahawia na nyeusi.

(d) Uzito. Chubwi iwe nyepesi kadiri upepo na kina vinavyoruhusu, kwa kawaida gramu 3 hadi 10. Chambo kinachozama polepole hufanana na kiumbe hai. Kinachoanguka kama jiwe hufanana na jiwe.

5. Namna ya kufunga na kuvua

Palipo na magugu, ndoana wazi hunasa kila mara. Dawa yake ni kuificha ncha ndani ya chambo. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, mshipi upitishwe katika chubwi yenye umbo la pia, ncha yake nyembamba ikielekea juu ya mshipi, ili ipenye magugu. Pili, ifungwe ndoana yenye shingo iliyopinda. Tatu, ncha ya ndoana iingizwe katika kichwa cha mnyoo kwa nusu sentimeta hivi, itokezwe ubavuni, na ndoana ivutwe mpaka tundu lake lifichike kichwani. Nne, ndoana igeuzwe, na ncha irudishwe mwilini mwa mnyoo. Tano, chambo kitazamwe: kama kimenyooka, kazi ni sawa, kama kimejikunja, kitazunguka majini na kuusokota mshipi, basi kifungwe upya.

Nafasi kati ya shina la ndoana na ncha yake iwe pana kuliko unene wa chambo, la sivyo plastiki itaijaza nafasi hiyo na ndoana haitashika. Mshipi wa nailoni uwezao kubeba kilo 5 hadi 7 hutosha mahali penye magugu ya kadiri.

Chambo kitupwe mbele kidogo ya mahali panapodhaniwa pana samaki, si juu ya kichwa chake. Kiachwe kizame mpaka mshipi ulegee. Kisha ncha ya mwanzi iinuliwe taratibu, ishushwe, na mshipi uliolegea ukunjwe. Samaki wengi hushika chambo kikiwa kinashuka. Kwa hiyo jicho la mvuvi halitoki kwenye mshipi. Ukigongwa mara moja, au ukianza kwenda upande bila upepo, samaki ameshika. Asiukurupukie: kwanza aondoe ulegevu, kisha avute kwa nguvu moja iliyo sawa. Anayevua kwa mshipi wa mkono bila mwanzi aweza kufuata mwendo huohuo kwa kuvuta na kuachia kwa mkono.

6. Maji yaliyo karibu na wanachama

Hapa ndipo kanuni ya sehemu ya kwanza inapodai haki yake.

Ziwa Eyasi ni ziwa la magadi, lenye kina kifupi, ambalo hupokea maji ya mto Sibiti kutoka Kitangiri, pamoja na vijito na chemchemi za upande wa Mang'ola. Katika miaka ya mvua nyingi hujaa na watu huvua; katika miaka ya ukame sehemu kubwa hubaki uwanda mweupe. Samaki wake mashuhuri ni perege na kambale. Perege hula mimea midogo na vitu vilivyomo topeni. Kwake, mnyoo wa mpira wa sentimeta 15 si chakula; ndoana ndogo yenye donge la ugali au kipande cha nyungunyungu humfaa zaidi. Kambale ana sharubu zenye kuonja, na hupapasa gizani na katika tope. Ni kweli kwamba hula samaki wengine pia, na katika maji maangavu aweza kukamata chambo bandia. Lakini katika maji ya tope, ini, utumbo wa kuku, nyungunyungu au kipande cha samaki huita kwa mbali kuliko rangi yoyote ya dukani.

Ziwa Natron lina hali ya peke yake. Kando ya chemchemi zake za moto na za chumvi huishi perege wadogo wa aina ambazo hazipatikani ila katika ziwa hilo na maji yaliyo jirani nalo. Hula mwani. Hawavuliwi kwa chambo cha kuwinda, wala haifai kuwasumbua. Sehemu ya Tanzania ya bonde la Natron iliwekwa mwaka 2001 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu.

Katika Tanzania, samaki wa kuwindwa kwa chambo bandia ni sangara wa Ziwa Viktoria. Huyu huwinda samaki wenziwe, na wageni wanaovua kwa burudani huko Rubondo hukokota vyambo bandia nyuma ya boti. Lakini wavuvi wa biashara wa ziwa hilohilo hutumia zaidi nyavu, na mishipi mirefu yenye ndoana nyingi zilizotiwa chambo cha asili. Sababu ni ya hesabu, si ya ujinga.

Naivasha yenyewe inatoa fundisho. Mwaka 2001 samaki aitwaye kapu alionekana humo kwa mara ya kwanza, na katika miaka michache akawa sehemu kubwa sana ya samaki wanaovuliwa. Kapu huchimba tope na kuyachafua maji. Besi anayewinda kwa macho hapendelewi na hali hiyo. Hivyo hata mahali ambapo chambo kilisifiwa jana, maji yakibadilika, sifa hubadilika.

7. Kupima kabla ya kununua

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Kifuniko cheupe cha kopo kifungwe kwenye kamba yenye mafundo ya kila sentimeta 10, kitiwe jiwe, kishushwe majini penye kivuli. Kikitoweka kabla ya sentimeta 30, samaki haoni mbali, na chambo cha kuonwa kina kazi ngumu. Kikionekana kupita mita moja, jaribio la chambo cha mpira lina maana, mradi samaki awindaye yumo.

Kipimo cha pili ni jaribio la siku sita. Wavuvi wawili wavue mahali pamoja, saa zilezile. Mmoja kwa chambo cha mpira, mwingine kwa chambo cha asili. Baada ya siku tatu wabadilishane, ili ustadi wa mtu usihesabiwe kuwa ubora wa chambo. Katibu aandike kila siku: tarehe, saa za kuvua, kina cha kifuniko, aina ya chambo, idadi na uzito wa samaki, na zana zilizopotea.

Ufuatao ni mfano wa kujifunzia hesabu tu, wala si bei za soko. Tuseme samaki huuzwa shilingi 3,000 kwa kilo, na kila upande umevua saa 24 kwa jumla.

Chambo cha mpira: kilo 9, mapato 27,000. Vyambo 12 vilivyopotea kwa 800 kila kimoja, 9,600. Ndoana 6 kwa 200, 1,200. Kilichobaki ni 16,200, yaani shilingi 675 kwa saa.

Chambo cha asili: kilo 14, mapato 42,000. Ndoana 8 kwa 200, 1,600. Ini na utumbo, 600 kwa siku, 3,600. Kilichobaki ni 36,800. Hata zikiongezwa saa 6 za kuchimba nyungunyungu, kila saa kati ya hizo 30 imeleta shilingi 1,226 na zaidi.

Katika bwawa jingine, lenye maji maangavu na samaki wawindao, matokeo yaweza kuwa kinyume. Ndiyo maana chama hakiamui kwa masimulizi ya muuzaji wala kwa mfano wa somo hili, bali kwa daftari lake chenyewe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Jaribio likifaulu, halmashauri inunue kidogo kwanza, iingize katika leja ya ghala, na kila mwanachama atie sahihi kwa alichochukua.

8. Maonyo matatu

La kwanza ni juu ya mifugo. Katika Loliondo lambo ni la ng'ombe na mbuzi kabla ya kuwa la mvuvi. Nailoni iliyoachwa ukingoni hufunga miguu ya ndama. Ndoana iliyotupwa hujeruhi ulimi. Na chambo cha mpira hakiozi kama nyungunyungu, bali samaki anayekimeza aweza kukaa nacho tumboni. Kila mvuvi arudi na mabaki yake yote. Mfugaji akipata hasara moja ya namna hiyo, uvuvi utafungwa kwa wote, naye atakuwa na haki.

La pili ni juu ya kuhamisha samaki. Pengine mtu atashauri kwamba besi waletwe katika malambo ili wageni waje kuvua. Naivasha ilikuwa na samaki wake mdogo wa asili. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa mwaka 1962, na besi hutajwa miongoni mwa sababu za kutoweka kwake. Samaki awindaye akiingia katika bwawa la perege, vifaranga huliwa kwanza, na waliovipanda hupata hasara. Kumhamisha samaki hai bila kibali cha wenye mamlaka ya uvuvi ni kosa, na mto ukifurika hakuna awezaye kumrudisha.

La tatu ni juu ya ruhusa. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 inataka leseni kwa uvuvi wa biashara. Tena sehemu kubwa ya maji ya wilaya hizi imo ndani ya maeneo ya hifadhi au jirani nayo. Katibu aulize kwa maandishi kwa afisa uvuvi na kwa wasimamizi wa eneo, na jibu lihifadhiwe katika jalada la chama.

Maswali ya majadiliano

1. Ni samaki gani waliomo katika maji ya karibu na chama chenu, na kila mmoja hupata chakula chake kwa njia gani?

2. Kifuniko cheupe hutoweka kwa kina gani wakati wa masika, na kwa kina gani wakati wa kiangazi?

3. Kwa nini wavuvi wawili wa jaribio hubadilishana vyambo baada ya siku tatu?

4. Katika mfano wa hesabu, bei ya chambo cha mpira ikipungua hadi shilingi 300, kila saa ingeleta kiasi gani? Je, uamuzi wa chama ungebadilika?

5. Kikundi kiandike kanuni tatu za kuwalinda ng'ombe na mbuzi wanaokunywa katika lambo linalovuliwa, nazo zipelekwe kwenye mkutano mkuu wa wanachama.